Heidrun Anatazama Wapi

"Anatazama wapi?" Ndugu Pohlmann aliuliza.

Eckart Dorn alidhani amesikia vibaya. "Nani anatazama wapi?"

"Huyu hapa." Pohlmann aligonga picha kwa kidole, pale pale mgongoni mwa mke wa Eckart. "Huyu mama. Nauliza, anatazama wapi?"

"Baharini, Ndugu Pohlmann. Yuko ufukweni, amesimama majini. Mtu aliyesimama majini hutazama bahari. Wewe ulitaka atazame nini, duka la nyama?"

Jochen Rehm, fundi wa rangi aliyeketi upande wa pili wa meza, alicheka mpaka kahawa ikamwingia puani. Pohlmann hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya utamaduni pale kiwanda cha meli, na kamati hiyo ndiyo iliyochagua picha za kupeleka kwenye maonyesho ya mkoa kila Oktoba. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Eckart aliyajua madoido hayo, na maana yake ilikuwa moja tu: leo hapa hatutoki.

Usidhani tatizo lilikuwa uchi. Kwetu pwani ile uchi haujawahi kumshtua mtu. Jua likiwaka Julai kiwanda kizima kinahamia ufukweni, na hakuna anayebeba nguo ya kuogelea, ya nini? Mkuu wa karakana yuko uchi, karani wa mishahara yuko uchi, bibi wa maktaba yuko uchi anafuma sweta. Eckart alikuwa amemwona Pohlmann bila nguo mara nyingi kuliko alivyomwona na tai, tumbo mbele, kofia ya jua kichwani, anagawia watu soseji. Kwa hiyo picha ya mwanamke mtupu ilikuwa kitu cha kawaida kabisa katika kikundi chao cha wapiga picha. Wake zao ndio waliopigwa picha, na siku ya maonyesho wake zao hao hao walikuja na mikoba yao, wakasimama mbele ya picha zao na kulalamika kwamba wameonekana wanene.

Tatizo siku zote lilikuwa ni kile kilichokaa karibu na huyo mtu mtupu. Mwaka mmoja Jochen alimpiga picha mkewe kando ya mashine ya kukereza vyuma. Kamati ikakataa. "Tabaka la wafanyakazi si mzaha," Pohlmann alisema, kisha akaongeza, na wala hakuwa anatania, "na tena mbona hana kofia ya usalama?" Mwaka uliofuata mtu akaleta mwanamke aliyejilaza kitandani na bakuli la machungwa. Ikakataliwa vilevile. Watu hawatamwangalia mwanamke, kamati ikasema, watauliza machungwa, yalivyo adimu, yameuzwa duka gani na lini. Mwanamke mbele ya ukuta uliobomoka: hapana, sisi tunajenga, hatubomoi. Mwanamke mchangani, mwanamke msituni, mwanamke kwenye nyasi: pita, pita, pita. Mwili ule ule! Ukiuweka hapa ni afya na jua, ukiuweka pale ni matusi kwa serikali.

Ndiyo maana Eckart alichagua maji. Ni nani, jamani, atakayegombana na maji?

Na ile picha ilikuwa nzuri. Eckart hakuwa mtu wa kujisifu. Alikuwa fundi wa kukereza vyuma, na alijua tofauti ya kitu kilichokaa sawa na kitu kilichokaa takriban. Picha zake nyingi zilikaa takriban. Hii ilikaa sawa. Alfajiri ya Juni, bahari imetulia, Heidrun amesimama maji yakimfika vifundoni, mgongo kwa kamera, nywele amezifunga juu, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine, shingo imeenda mbele kidogo. Mstari wa upeo ulipita sawasawa na mabega yake. Alikuwa ameisafisha picha hiyo bafuni kwao, akaikuza na kuikuza upya mpaka Heidrun akagonga mlango na kuuliza kama ataoga mwaka huu au mwaka ujao.

"Na ng'ambo ya maji hayo kuna nini?" Pohlmann aliendelea.

"Samaki."

"Na baada ya samaki?"

"Maji mengine."

"Na baada ya maji mengine, Ndugu Dorn?"

Kila mtu mezani alijua. Moja kwa moja ng'ambo ni Denmark, na ukikunja mkono wa kushoto ni Ujerumani ile nyingine, ya Magharibi, ambako sisi wa Mashariki hatuendi.

"Mtazamaji atajiuliza," Pohlmann alisema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, "mama huyu anatamani nini."

"Mgongo hautamani kitu! Ni mgongo! Una mifupa!"

"Mgeuze."

"Nimgeuze vipi? Huyu si samaki kwenye kikaango."

"Mpige upya. Atazame nchi kavu. Bahari ikae nyuma yake, iwe kama... kama mandhari. Wiki mbili zinakutosha." Pohlmann alifunga jalada, kisha akainama karibu, sauti imeshuka. "Ninakutakia mema, Eckart. Lile suala la Heidrun nalo liko mezani kwangu. Usinipe kazi ya kuunganisha vitu viwili."

*

Eckart alirudi nyumbani anaongea peke yake barabarani. Mpaka anamaliza ngazi za ghorofa ya nne damu ilikuwa bado inamchemka. Heidrun alikuwa jikoni anamenya viazi. Alipika mchana kutwa kwenye mesi ya kiwanda, kisha akaja kupika nyumbani, na watu waliokuwa wakimwuliza kama hachoki aliwajibu kwamba anachoka, asante.

"Wanataka nikugeuze!" Eckart alisema hata kabla ya kuvua koti.

"Nani?"

"Pohlmann! Eti unatazama wapi. Eti ng'ambo ya maji kuna nini. Mtu mzima, ana wajukuu, anakaa mbele ya watu na kuuliza mgongo unatamani nini! Maji ni maji, Heidrun. Nimechagua maji kwa sababu hayana maneno. Nitaandika malalamiko Berlin. Nitaandika kwa baraza kuu, nitawaambia tuna mwenyekiti wa utamaduni hapa anayeogopa chumvi."

"Hutaandika."

"Nitaandika leo hii."

"Eckart." Alikuwa bado hajainua macho kutoka kwenye viazi. "Amesema nini kuhusu safari?"

Hapo Eckart alisita. Habari yenyewe ya safari ilikuwa hivi. Dada yake Heidrun, Irmtraud, aliishi Kiel, upande ule. Mama yao alifariki wakati wa vita, na Irmtraud ndiye aliyemlea Heidrun, akamsuka, akamvusha barabara mabomu yakianguka. Baadaye akaolewa ng'ambo na muuza baiskeli, na muda si mrefu mpaka ukafungwa. Zamani alikuwa akija kuwatembelea na masanduku ya kahawa. Sasa moyo wake ulikuwa mbovu na daktari amemkataza kusafiri. Oktoba hii alikuwa anatimiza miaka sitini, na kwa sikukuu ya namna hiyo serikali ilikuwa inaweza, ikitaka, kumruhusu ndugu wa damu kwenda. Mume hubaki. Mume ndiye rehani. Polisi walihitaji maoni ya kiwanda, na maoni ya kiwanda yaliandikwa na mtu mmoja tu, Pohlmann.

"Alisema asipewe kazi ya kuunganisha vitu viwili," Eckart alikiri. "Upuuzi! Safari ni safari na picha ni picha. Vinahusiana wapi?"

Heidrun aliweka kisu mezani. Aliweka polepole sana, na Eckart, aliyeishi naye miaka zaidi ya ishirini, alijua angekuwa salama zaidi kama mkewe angekitupa.

"Wewe," alisema, "umewahi kuniuliza?"

"Kukuuliza nini?"

"Nilikuwa natazama wapi."

"Mimi ndiye niliyekuambia utazame kule! Kwa ajili ya shingo. Ule mstari wa shingo..."

"Mstari wa shingo! Ee Mungu, nipe subira na mwanamume huyu. Ulisema, 'Simama hapo, usitikisike,' halafu ukatia kichwa kwenye kamera yako. Hukusema nitazame wapi. Nilitazama mwenyewe. Kila nikiingia kwenye maji yale natazama kule kule, kushoto kidogo, kwa sababu kule ndiko dada yangu anakohema kama mzee wa miaka tisini, na mimi niko huku namenya viazi. Miaka yote hii! Ulidhani nafikiria nini? Mawimbi?"

"Na Pohlmann," Heidrun aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imempanda, "Pohlmann, yule mpumbavu asiyejua kutofautisha picha na sahani, ameangalia mara moja tu na ameona. Umeipiga wewe, umeisafisha wewe, umejifungia nayo bafuni wiki nzima. Hukuona kitu. Halafu unataka kuandika Berlin kwamba mimi sitazami popote!"

"Heidrun..."

"Nakuomba unigeuze. Nipige nikitazama nchi kavu, nikitazama viazi, nikitazama tako la Pohlmann, sijali. Nataka kwenda kumwona dada yangu kabla hajafa."

Eckart hakuandika Berlin. Alikwenda kuwalisha sungura. Walifuga sungura kwenye kibustani chao nyuma ya reli, na Eckart alikaa kule juu ya ndoo iliyopinduliwa mpaka viazi vikapoa. Kilichomuuma hakikuwa kugombezwa. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amesimama hatua chache nyuma ya mkewe, macho yote kwake, na mtu mwingine ndiye aliyemwona.

*

Walikwenda Jumapili ya Septemba, na bahari ilikuwa imechafuka. Upepo ulipuliza mchanga. Heidrun alivua nguo zote, akazikunja, akaziwekea jiwe, akaenda kusimama pale pale aliposimama Juni, safari hii uso kwa kamera na maji nyuma yake.

"Nitabasamu?"

"Usitabasamu."

"Vizuri, maana siwezi. Meno yanagongana."

Eckart alitazama ndani ya kamera. Picha ilikuwa mbaya, aliiona kabla hajaipiga. Ngozi imesimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, mabega yamepanda mpaka masikioni, nywele zinampiga usoni, na upeo unampitia shingoni kama kamba ya kuanikia nguo. Katikati ya yote hayo macho ya Heidrun yalikuwa yanamtazama yeye, wazi, bila kupepesa. Eckart hakujua afanye nini na macho hayo. Alikuwa amezoea mgongo.

"Piga basi!" Heidrun alipaza sauti. "Nakufa huku!"

Akapiga.

Na kamati, jamani, kamati ilifurahi mpaka ikachukiza. Pohlmann aliishika picha kwa mikono miwili. "Hii sasa ndiyo yenyewe! Mnaona? Mwanamke anatoka baharini, anarudi kwake. Anatutazama. Ana imani. Tuiite 'Nyumbani'."

"Ana baridi," alisema Eckart.

"Ana imani," alisema Pohlmann, akaandika.

Jochen alimfuata Eckart mpaka uani akishikilia mbavu. "Kaka, hongera. Umempiga mkeo kama mtu aliyesukumwa kisimani, na utapata cheti."

"Nyamaza, Jochen."

"Ile picha ya Juni utaifanya nini?"

"Nimeifungia kabatini. Nyamaza, nimekwambia."

Cheti alikipata kweli, cha daraja la pili. Na ruhusa ya Heidrun ikatoka. Alikwenda kituo cha polisi asubuhi, akarudi na karatasi mkononi, akakaa kwenye kiti cha jikoni bila kuvua kilemba, akalia kimya kimya, kisha akaanza kumpa Eckart maagizo: makaa yako wapi, supu iko wapi, na sungura lazima wapewe maji kila siku, si majani tu, maji, Eckart, usiniambie majani yana maji. Siku ya pili yake akapanda treni.

*

Watu wakaanza kumtendea Eckart kama aliyefiwa. Bibi wa maktaba alimletea keki ya maboga. Kwenye mesi walimjazia sahani. Mkuu wa karakana alimpiga piga begani bila kusema neno. Jochen, aliyekuwa amelewa bia tatu, ndiye pekee aliyesema wazi.

"Hana mtoto huku. Hana mama huku. Ana wewe na sungura. Kaka, nakupenda, lakini kama mimi ningekuwa Heidrun, ningerudi kwa ajili ya sungura tu labda."

"Atarudi."

"Akirudi natafuna kamera yangu, na mkanda wake."

"Anza kunoa meno," Eckart alijibu, lakini usingizi alikuwa hana tena.

Maonyesho yalifunguliwa siku hizo hizo, kwenye ukumbi wa utamaduni. Eckart hakutaka kwenda, na akaenda. Picha zilikuwa zimetundikwa kwa safu, wanawake wa mchangani, wanawake wa msituni, na mwishoni kabisa, karibu na mlango, 'Nyumbani'. Alisimama mbele yake na mikono mfukoni.

Loo! Hakuwa ameiona kabisa. Wakati akiipiga, yale maji nyuma yake yalikuwa maji ya baridi tu. Sasa Heidrun alikuwa ng'ambo ya maji hayo. Sasa kila mtu mjini aliyeingia pale mlangoni alijua mama huyu yuko wapi leo, na alipomtazama hakuona mtu anayetoka baharini. Aliona mtu aliyegeuka kidogo kabla ya kwenda. Uso ule ulioitwa imani, ambao Eckart aliuita baridi, ulikuwa uso wa mtu anayekuangalia mara ya mwisho ili asikusahau. Hakuna kilichobadilika kwenye karatasi. Kilichobadilika ni yale maji.

"Ndugu Dorn." Pohlmann alikuwa ametokea kando yake, jasho linamtoka. "Neno moja tu. Atarudi?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?"

"Nimetia sahihi mimi! Kwa mkono wangu! Akibaki kule watanila mzima. Na hii picha..." Aliitazama, akageuza uso haraka. "Watu wanaiangalia vibaya. Mama mmoja amelia hapa asubuhi. Nafikiri tuishushe, kwa muda tu."

Eckart alihisi hasira yote ya miezi ile ikimpanda kutoka kwenye soli za viatu. "Kwani anatazama wapi, Ndugu Pohlmann?"

"Jamani, Eckart..."

"Nakuuliza. Anatazama wapi? Si huku? Si ulitaka atazame huku? Mgeuzeni tena basi! Mnataka nimlaze? Nimsimamishe kichwa chini? Mmemvalisha bahari, mmemvua bahari, mmempa jina. Mwacheni mke wangu ukutani!"

Watu waligeuka. Pohlmann aliinua viganja, akarudi nyuma, akaondoka. Picha ilibaki. Eckart naye alibaki mbele yake mpaka mlinzi akaja na funguo, na muda wote huo aliyatazama macho yale, akijaribu kuyajibu, jambo ambalo hakuliweza siku ile ufukweni.

*

Treni ya kutoka mpakani ilifika alasiri. Eckart alikuwa kituoni tangu asubuhi. Abiria wa mwisho kushuka alikuwa Heidrun, amebeba sanduku na mfuko mkubwa, kilemba kimeenda upande, amekasirika.

"Wamenifungulia sanduku mara mbili!" alisema. "Mara mbili! Kahawa wameinusa kama mbwa. Mbona umekonda? Shika hii."

Eckart aliushika mfuko. Ulikuwa mzito na ulinukia machungwa. Aliukumbatia kifuani kama mtoto, na Heidrun, aliyemwona, akamkamata mkono na kuendelea kulalamika mpaka nyumbani, maana alijua ndiyo njia ya kumsaidia.

Jikoni, akiwa amevua viatu, alitoa bahasha. Mume wa Irmtraud alikuwa na kamera ya kutoa picha papo hapo. "Nimekuletea kazi ya dada yangu," alisema. "Usicheke. Ulikuwa ndio mwanzo na mwisho wake wa kupiga picha."

"Hii ni wapi?"

"Ufukweni kwao. Tulikwenda matembezi, Irmtraud akakaa kwenye benchi. Mimi nikasema ngoja niingie maji kidogo, nikavua nguo."

"Ulivua?"

"Nikavua, kama kawaida. Sasa akaja bwana mmoja na mbwa wake. Eckart, yule bwana alipiga kelele! 'Mama, hapa ni ufukwe wa familia! Kuna watu wenye heshima hapa!' Nikageuka nikawatafuta hao wenye heshima. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mbwa. Kumbe kule wana ufukwe wao maalumu wa uchi, una kibao na uzio. Irmtraud alicheka mpaka nikamwogopea ule moyo wake. Akasema, 'Simama hivyo hivyo,' akapiga, ndipo akanitupia koti."

Picha ilikuwa mbovu kuliko zote alizowahi kuziona. Kidole gumba cha Irmtraud kimefunika kona nzima, bahari imelalia upande kama inamwagika, rangi zimepauka. Katikati ulikuwepo mgongo. Mgongo ule ule wa Juni. Mkono umeshika kiwiko, nywele zimefungwa juu, shingo imeenda mbele kidogo, maji yanafika vifundoni.

Nje treni ya mizigo ilipita, vikombe vikatetemeka kabatini. Miaka yote ile ya ndoa, na swali lenyewe alikuwa amelisikia kwa Pohlmann.

"Unatazama wapi hapa?" aliuliza.

Heidrun alikuwa anamenya chungwa. Mikono ilisimama.

"Irmtraud alikuwa nyuma yangu anasema nibaki," alijibu. "Alikuwa ametandika kitanda, amenitafutia hata kazi, jiko la hospitali. Siku zote alikuwa akisema, nami sikumjibu. Kwenye maji pale nikasema moyoni nitamjibu. Bahari ile ile, lakini kule unaitazama upande wa kulia kidogo ndipo unatuona." Aliweka kipande cha chungwa mbele ya Eckart. "Nikatazama huku. Nikajisemea, yule mtu wangu bila shaka hajawapa sungura maji."

Eckart aliiweka picha mezani, akaiegemeza kwenye kopo la kahawa ili aione akirudi. Kisha akachukua ndoo, akatoka mbio kwenda kwa sungura.